Nimehamia bondeni Dar es Salaam: je, bima ndogo ya gari inanitosha?

Ndugu Mshauri,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mwalimu wa sekondari niliyehamishiwa Dar es Salaam mwaka jana kutoka Njombe. Ninaishi na mume wangu na watoto huku Kigogo, katika nyumba ya kupanga iliyo upande wa chini wa barabara, si mbali na Mto Msimbazi. Nyumba haina uzio, kwa hiyo gari letu, Toyota IST nililolinunua kwa mkopo wa SACCOS ambao bado ninaendelea kuulipa, hulala nje ubavuni mwa ukuta.

Tangu nikiwa Njombe nimekuwa nikikata bima ndogo, ile inayofidia madhara kwa watu wengine tu, ya shilingi 118,000 kwa mwaka, na sijawahi kuona upungufu wake. Bima hiyo inaisha mwishoni mwa Februari. Wakala niliyemfuata safari hii amenishauri nikate bima kubwa, inayokinga na gari lenyewe, akanipigia hesabu kwa thamani ya gari ya shilingi 12,000,000: asilimia 3.5, yaani shilingi 420,000, pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ya shilingi 75,600, jumla shilingi 495,600. Mume wangu anaona huo ni mzigo usio na sababu, kwa kuwa trafiki anapotusimamisha hutaka kujua kama gari lina bima tu, wala haulizi kama ni kubwa au ndogo.

Kuna mambo mawili yanayonitia mashaka. Masika iliyopita maji yaliingia uani usiku na kulijaza gari la jirani hadi kwenye viti. Jirani huyo alikuwa na bima kubwa, lakini kampuni yake ilikataa kumlipa. Baadaye niliegesha gari Kariakoo kwa muda mfupi, na niliporudi nilikuta vioo vya pembeni vyote viwili vimeng'olewa. Kaka yangu aliyebaki Njombe, ambako hakuna mafuriko wala wizi wa namna hii, ana gari la aina hii hii na amepigiwa hesabu ileile kama yangu. Nimesoma kwenye mtandao kwamba mahali anapoishi mtu ndipo panapopandisha au kupunguza bei ya bima ya gari. Je, niandikishe anwani ya kaka ili nipate bei nafuu kwenye kampuni nyingine? Mpwa wangu naye anaomba kulitumia gari siku za mwisho wa wiki kwa kazi ya teksi ya mtandaoni, na kila Desemba tunasafiri nalo hadi Njombe. Naomba unisaidie nichague nini.

Mwalimu wa Kigogo, Dar es Salaam

JIBU

Mwalimu, nakushukuru kwa kuandika kabla bima yako haijaisha na kabla mvua za masika hazijaanza, kwa sababu muda ulio nao ni wa thamani kuliko punguzo lolote ambalo wakala angeweza kukupa.

Niseme kwanza jambo linaloweza kukushangaza. Ushauri uliousoma kwenye mtandao ni wa kweli, ila ni wa kweli kwa nchi nyingine. Uingereza na katika sehemu kubwa ya Marekani, kampuni za bima huangalia msimbo wa posta wa mteja, zikapima idadi ya wizi, ajali na madai ya fidia ya mtaa ule, kisha zikapanga ada. Watu wawili wenye magari yanayofanana wanaweza kulipa viwango tofauti kabisa kwa sababu mmoja anaishi ng'ambo ya barabara kuu. Kwetu Tanzania bara hali haiko hivyo. Ada ya bima kubwa ya gari dogo la binafsi hutokana hasa na thamani ya gari na matumizi yake, juu ya viwango vya chini vinavyopangwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA. Historia yako ya madai inaweza kukupatia punguzo au nyongeza, lakini Kigogo na Njombe hazitenganishwi na bei. Ndiyo maana kaka yako amepigiwa hesabu kama yako.

Usidhani, hata hivyo, kwamba kampuni haijali unapoishi. Inajali sana, ila tahadhari yake haiweki kwenye ada. Huiweka ndani ya mkataba, kwenye kurasa ambazo wengi wetu tunapewa tukiwa tumeshalipa na hatuzifungui. Humo ndimo mnamoandikwa majanga yasiyofidiwa, kiasi ambacho mwenye gari hujilipia mwenyewe kabla kampuni haijatoa senti, ambacho mawakala hukiita eksesi, na masharti kama vile kifaa cha kulifuatilia gari au eneo lenye ulinzi la kulilaza. Kaka yako na wewe mnaweza kulipa shilingi 495,600 kila mmoja, naye akawa amenunua kinga inayomfaa huku wewe umenunua karatasi ambayo siku ya mafuriko haitakusaidia. Ninaamini hicho ndicho kilichomkuta jirani yako, ingawa siujui mkataba wake.

Mafuriko ndiyo hatari yako kubwa, kwa hiyo nitakaa hapo kwa muda. Mto Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe na kuingia baharini karibu na daraja la Selander, na bonde lake linapitia katikati ya jiji lililojengwa kwa kubanana. Mchanga na taka vimeupunguzia mto kina, maji ya mvua hayana pa kunywea kwa sababu ya paa na lami, na mvua kubwa ikikutana na bahari iliyojaa, maji hukawia kutoka. Mafuriko ya Desemba 2011, ambayo yaliua makumi ya watu na kusababisha familia nyingi kuhamishiwa Mabwepande, yalikuja wakati wa vuli, si masika. Hivyo kwako hatari ina misimu miwili, Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba. Barabara ya Jangwani, inayokatiza bonde hilo, imefungwa kwa maji mara nyingi kiasi kwamba wakazi wa jiji wameizoea habari hiyo.

Sasa, watu wengi wanaamini kwamba neno "kubwa" katika bima kubwa lina maana ya kila kitu. Bima kubwa hufidia uharibifu wa gari lako kwa ajali ya kugongana au kupinduka, moto na wizi wa gari, pamoja na madhara unayowasababishia wengine. Mafuriko, tetemeko la ardhi na majanga mengine ya asili huwa katika kundi ambalo mikataba mingi huliondoa, kisha hulirudisha kwa nyongeza maalumu ya maandishi, wakati mwingine kwa ada ndogo ya ziada. Mwenye gari wa Bukoba aliyepitia tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 angekuwa na swali hilohilo kwa jina la janga lingine. Usikubali wakala akuambie kwa mdomo kwamba "mafuriko yamo". Mwombe akuonyeshe ukurasa, na kama hayamo, aiombe kampuni itoe nyongeza yenye neno mafuriko, namba ya mkataba wako na tarehe. Kampuni isiyotaka kuandika haina nia ya kulipa, na hapo una haki ya kwenda kwingine. Ukiona unazungushwa, mtafute dalali wa bima mwenye leseni, kwa maana wakala huuza kwa niaba ya kampuni, ilhali dalali kazi yake ni kukutafutia wewe mteja kampuni inayokufaa.

Hata ukiwa na nyongeza hiyo, namna utakavyotenda saa ile maji yanapoingia ndiyo itakayoamua kama utalipwa. Gari lililoingiwa na maji lisiwashwe kabisa, hata kwa nia ya kujaribu. Maji yakishafika ndani ya silinda, pistoni hujaribu kuyabana, nayo hayabaniki kama hewa, kwa hiyo vyuma vinavyoiunganisha pistoni na shafti vinapinda au kuvunjika. Mtathmini wa hasara akilifungua injini na kukuta vyuma vimepinda, ataandika kwamba gari liliwashwa likiwa na maji, na kampuni itasema uharibifu huo umesababishwa na aliyepiga stati. Vivyo hivyo, kuliendesha gari kuingia kwenye maji yanayoonekana kunaweza kuhesabiwa uzembe. Chomoa waya wa betri ukiweza kuufikia salama, piga picha zinazoonyesha namba za gari na kimo cha maji mlangoni, toa taarifa kwa kampuni siku hiyohiyo, kisha gari likavutwe hadi gereji iliyokubaliwa na kampuni, si kwa fundi wa jirani atakayeanza kulifungua kabla ya ukaguzi. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa angalizo au tahadhari ya mvua kubwa, lipeleke gari mahali pa juu, hata kama ni kwa kulipia maegesho ya usiku mmoja au kuomba kwa mwalimu mwenzako, na uihifadhi taarifa ile kwenye simu. Ikitokea hasara licha ya juhudi hizo, una ushahidi kwamba ulijali mali yako.

Kuhusu vioo vya pembeni, mikataba huwa inatenganisha wizi wa gari zima na wizi wa vifaa vilivyofungwa nje ya gari. Wizi wa vifaa ama haufidiwi, ama una kikomo chake, ama kiasi cha kujilipia kinakaribia bei ya vioo vyenyewe, hivyo kudai kunakupotezea punguzo la mwaka ujao bila faida. Nionavyo mimi, hili ni jambo la kukinga kwa mkono kuliko kwa bima. Chora namba za gari kwenye vioo na taa kama unavyoona magari mengi ya jiji yamefanya, mwombe fundi avikaze vioo kwa ribiti, na Kariakoo uegeshe penye mlinzi anayetoa risiti. Uliza pia kama kampuni inapunguza kiasi cha kujilipia kwa wizi wa gari zima endapo utafunga kifaa cha kulifuatilia, kwa kuwa gari lako linalala nje.

Wazo la kuandikisha anwani ya Njombe naomba uliache leo. Umekwisha kuona kwamba halitakupunguzia ada, na hasara yake ni kubwa. Bima ni mkataba unaosimama juu ya ukweli wa mteja. Fomu ya maombi inapouliza gari linalazwa wapi, jibu la uongo linaipa kampuni sababu ya kukataa madai yote, hata yale yasiyohusiana na mahali. Andika Kigogo, andika kwamba linalala nje bila uzio, na ubaki na nakala ya fomu yenye saini yako. Siku kampuni itakapojaribu kusema haikujua kwamba gari liko bondeni, nakala hiyo itajibu.

Uaminifu huohuo unahusu thamani. Wapo wanaoshusha thamani ya gari ili ada ishuke, nami ninawahurumia kwa sababu hawaelezwi matokeo yake. Gari lenye thamani halisi ya shilingi 12,000,000 likiandikwa 8,000,000, limekingwa kwa theluthi mbili tu. Hasara ya shilingi 3,000,000 italipwa 2,000,000, na hapo bado hakijatolewa kile kiasi cha kujilipia. Kinyume chake, kuendelea kuandika 12,000,000 mwaka hadi mwaka wakati bei ya IST iliyotumika imeshuka ni kulipia kitu ambacho hutakipata, kwa kuwa fidia haizidi thamani ya gari sokoni siku ya hasara. Ulizia bei upya kila unapohuisha bima.

Mpwa wako asilitumie gari kwa teksi ya mtandaoni chini ya bima ya gari binafsi. Kubeba abiria kwa malipo ni biashara, na biashara ina daraja lake la bima na ada yake. Ajali ikitokea abiria akiwamo, kampuni inaweza kuyakataa madai yote, na mdai wenu atakuwa mtu aliyevunjika mguu. Kama familia inahitaji kipato hicho, badilisheni daraja la bima kwanza, kisha mwangalie kama hesabu bado inalipa. Ninajua ni vigumu kumkatalia mtoto wa ndugu, lakini hili lisimamie.

Safari ya Njombe haina shida ndani ya mkataba wa kawaida, maadamu ni ndani ya nchi. Kuna jambo moja tu la kukumbuka njiani. Barabara ya Morogoro kwenda Iringa hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na mabango ya pale yanaonyesha faini za kugonga wanyama kwa dola za Marekani. Bima kubwa inaweza kukutengenezea gari lililogonga mnyama, lakini faini ni adhabu ya dereva na kwa kawaida itatoka mfukoni mwako. Kabla ya kuukabili mlima Kitonga, breki na matairi yakaguliwe na risiti ya gereji itunzwe, kwani ubovu wa gari uliojulikana kabla ya ajali ni miongoni mwa sababu za kukataliwa madai.

Nimwambie mume wako kwa heshima kwamba kuhusu trafiki yuko sahihi. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inataka kila gari liwe na kinga ya madhara kwa watu wengine, na bima ndogo inatimiza hitaji hilo. Kwa kaka yako, kama ana uwanja wenye geti na gari lake limekwisha kulipiwa, huenda ikawa inamtosha. Ninyi mna gari linalolala bondeni likiwa na deni la SACCOS, na gari likizama leo, makato ya mshahara yataendelea mwezi ujao kama kawaida. Usome pia mkataba wa mkopo, kwa sababu wakopeshaji wengine hudai bima kubwa na hutaka fidia ipitie kwao kwanza.

Kwa hiyo ningekushauri ukate bima kubwa, lakini kwa sharti kwamba nyongeza ya mafuriko imeandikwa. Shilingi 495,600 ni sawa na shilingi 41,300 kwa mwezi ukianza kujiwekea mapema, na bima ndogo peke yake ingekugharimu 118,000, hivyo kinachobishaniwa nyumbani ni tofauti ya 377,600 kwa mwaka. Kama hutapata kampuni yoyote itakayoandika mafuriko, usilipe kiasi hicho kwa matumaini. Baki na bima ndogo, na tofauti ile uitumie kulipia maegesho ya juu kwa miezi ya mvua. Kuna pia bima ya kati inayofidia moto na wizi pamoja na madhara kwa wengine. Ni nzuri kwa anayeogopa kuibiwa gari, ila haigusi maji, kwa hiyo kwako inakinga hatari ya pili na kuiacha ya kwanza.

Ukishalipa, usimtegemee wakala peke yake. Ingiza namba za gari kwenye mfumo wa TIRA MIS na uhakikishe kwamba bima inaonekana, daraja lake ni sahihi na tarehe zake zinalingana na risiti.

Jirani yako naye asikate tamaa kwa jibu la mdomo. Aiombe kampuni imwandikie sababu ya kukataa pamoja na kifungu cha mkataba inachokitegemea, ajibu kwa maandishi, na kama hataridhika apeleke lalamiko TIRA au katika Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, akiwa na mkataba, risiti ya ada, picha na barua zote. Mwambie aanze wiki hii, kwa kuwa madai yana muda wake, na gari lililokaa na matope muda mrefu humpa mtathmini shida ya kutofautisha uharibifu wa maji na uharibifu wa kutelekezwa.

Mshauri